Jinsi ya kupima kama mafunzo ya ufundi stadi yanawaongezea vijana nafasi ya kupata kazi: mwongozo kamili

Taarifa nyingi za vyuo vya ufundi na za miradi ya vijana huwa na sentensi inayofanana: asilimia sitini, sabini au themanini ya wahitimu wetu wamepata kazi. Sentensi hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isiseme lolote kuhusu mafunzo yenyewe, kwa sababu haielezi ni wangapi kati ya vijana hao wangekuwa na kazi hata kama chuo kisingekuwapo. Kijana aliyefuatilia fomu, akafanya usaili, akatafutiwa ada na kuvumilia miezi sita ya masomo ni kijana ambaye, kwa bidii hiyo hiyo, huenda angepata kibarua kwa fundi wa mtaani kwao. Ukimpima yeye peke yake, unapima bidii yake, ndugu zake wenye uwezo wa kumwombea kazi na hali ya soko la mwaka ule, vyote kwa pamoja, kisha sifa yote unaipa karakana ya chuo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakuu wa vyuo, waratibu wa miradi, maafisa maendeleo ya jamii na wanafunzi wa vyuo vikuu wanaotaka kupima jambo hili kwa uaminifu. Mifano yake inatoka hasa Tanzania na kwa majirani zake, ambako sehemu kubwa ya kazi za mafundi ni za kujiajiri, za kutwa au za msimu, na ambako vipimo vilivyotungwa kwa ajili ya nchi zenye ajira za mishahara huwa vinapotosha. Ninaliona jambo hili kuwa zito, kwa sababu mzazi anayeuza mbuzi au kipande cha shamba ili alipe ada ana haki ya kujua mafunzo hayo humwongezea mtoto wake nini, na mwaka mmoja wa ujana wa mtu haurudishwi.

Hatua ya kwanza: andika swali kabla ya kuandika dodoso

Athari ya mafunzo ni tofauti kati ya hali ya kazi aliyonayo kijana baada ya mafunzo na hali ambayo kijana huyo huyo angekuwa nayo, wakati huo huo, kama hangepata mafunzo. Hali hiyo ya pili haionekani kwa macho wala haiulizwi kwa dodoso, kwa hiyo kazi yote ya tathmini ni kutafuta watu wanaoweza kutuonyesha ingekuwaje.

Hapo ndipo tathmini ya athari inapotofautiana na utafiti wa kufuatilia wahitimu, ambao vyuo vingi, vikiwemo vilivyo chini ya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, vimeuzoea. Ufuatiliaji wa wahitimu una faida zake: unaonyesha kama aliyesomea umeme wa majumbani anafanya kazi ya umeme au anaendesha bodaboda, ni vifaa gani alivikuta kazini ambavyo hakuvizoea chuoni, na waajiri wanalalamikia nini. Tumia taarifa hizo kurekebisha mitaala. Usizitumie kudai kwamba chuo ndicho kilichowapa watu kazi.

Swali lako litoshe katika aya moja yenye mambo matano: ni vijana gani, mafunzo ya fani gani na ya muda gani, matokeo yapi, baada ya miezi mingapi tangu kumaliza, na yakilinganishwa na kitu gani. Jambo la tano ndilo linalosahauliwa zaidi. Kulinganisha mafunzo ya chuo na kukaa bila mafunzo yoyote ni swali moja. Kuyalinganisha na uanagenzi katika gereji au karakana ya fundi ni swali jingine, na jibu linaweza kugeuka. Nchini Uganda, utafiti ulioanza mwaka 2012 na kuchapishwa mwaka 2020 uliwagawa vijana kwa bahati nasibu: baadhi walipelekwa katika vyuo vya ufundi kwa miezi sita, na wengine wakafunzwa ndani ya biashara ndogo. Waliofunzwa kazini walipata kazi mapema zaidi, lakini kadiri miaka ilivyopita waliosoma chuoni waliwapita, kwa kuwa ujuzi wao ulikuwa na cheti ambacho mwajiri mwingine aliweza kukitambua, na hivyo hawakukwama walipopoteza kazi ya kwanza. Anayepima mapema mno, au asiyesema analinganisha na nini, angeondoka na hitimisho lililo kinyume.

Hatua ya pili: amua maana ya kuwa na kazi

Mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi uliofanyika Geneva mwaka 2013 uliweka maana inayotumika sasa katika tafiti za nguvukazi: mtu ana ajira ikiwa, katika wiki ya marejeo, alifanya kazi angalau saa moja kwa malipo au kwa faida. Kulima chakula cha nyumbani ni kazi, lakini chini ya maana hiyo haihesabiwi kuwa ajira. Kipimo hicho kinafaa kwa ulinganisho na takwimu za taifa, ila kwa tathmini ya mafunzo hakitoshi, kwa sababu kijana aliyemshikia fundi nyaya kwa asubuhi moja anahesabiwa sawa na mwenzake mwenye mkataba wa mwaka mzima.

Ninapendekeza dodoso liwe na vipimo vitano, na usiongeze vingi zaidi ya hapo: kama alifanya kazi yoyote ya malipo au faida katika siku saba zilizopita, saa alizofanya katika siku hizo, kipato cha siku thelathini zilizopita, kama kazi hiyo ni ya fani aliyojifunza, na uthabiti wa kazi, yaani miezi mingapi katika kumi na miwili iliyopita alikuwa na kazi. Kati ya hivyo, chagua kimoja kiwe kipimo kikuu na ukitangaze kabla ya kwenda uwandani. Ukipima mambo ishirini bila kuchagua, moja litaonekana limepanda kwa bahati tu, na kishawishi cha kulitangaza hilo peke yake ni kikubwa kwa kila mtu mwenye mfadhili anayesubiri taarifa.

Kwenye kazi zenyewe, usiulize "Je, umeajiriwa?" na kuishia hapo. Vijana wengi husikia neno kuajiriwa wakafikiria ofisi na mshahara wa mwisho wa mwezi, kwa hiyo mshonaji mwenye cherehani barazani atajibu hapana. Muulize kazi moja baada ya nyingine: je, alifanya kibarua au deiwaka, alipokea kazi ya mteja kwa makubaliano, aliuza chochote, alisaidia biashara ya ndugu, alikuwa msaidizi wa fundi? Kwa kila jibu la ndiyo, uliza kama alilipwa na kwa njia gani, kwa maana wapo wanaofanya kazi miezi mingi kwa chakula na nauli tu kwa jina la kuzoea kazi, na hao wanastahili kuandikwa kama walivyo.

Kipato cha aliyejiajiri ndicho kigumu kuliko vyote. Mchomeleaji hupokea malipo ya awali ya mlango wa chuma, ananunua vyuma, analipa umeme, anamlipa kijana wake, na siku ya mwisho anapokea salio; ukimwuliza mauzo na gharama moja moja, hesabu haitakubali. Utafiti uliofanywa Sri Lanka na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kwa wafanyabiashara wadogo ni bora kuuliza faida moja kwa moja. Kwa Kiswahili swali linaweza kuwa hivi: "Katika siku thelathini zilizopita, baada ya kutoa gharama zote za kazi kama vile vifaa, pango, umeme, nauli na malipo ya wasaidizi, wewe mwenyewe ulibakiwa na shilingi ngapi?" Mpe muda wa kufikiri. Akisema hajui, mpitishe wiki baada ya wiki.

Hatua ya tatu: tafuta kundi la ulinganisho linaloaminika

Nisingemruhusu mtu yeyote akimbie hatua hii. Makosa ya hapa hayarekebishiki baadaye kwa hesabu, hata zikiwa za kitaalamu kiasi gani.

Ulinganisho mbaya uko wa aina tatu, na zote ni za kawaida. Wa kwanza ni kulinganisha wahitimu na kiwango cha ajira cha taifa au cha mkoa. Wahitimu wako ni wa umri, elimu na makazi tofauti na wastani wa nchi. Wa pili ni kulinganisha waliomaliza na walioacha njiani. Aliyeacha mara nyingi aliacha kwa sababu ya ujauzito, ugonjwa, kukosa ada, au hata kwa kuwa alipata kazi, na kila moja kati ya sababu hizo inaathiri ajira yake. Wa tatu ni kulinganisha kipato cha mtu kabla na baada ya mafunzo. Mwaka 1978 mchumi wa Marekani Orley Ashenfelter alionyesha kwamba mapato ya watu wanaoingia kwenye mafunzo hushuka muda mfupi kabla ya kuingia, kwa sababu wengi hutafuta mafunzo wanapopoteza kazi au biashara inapoyumba. Mapato hayo yangepanda tena kwa sehemu hata bila chuo, na pia kijana wa miaka 19 anapofika 21 hupata kazi zaidi kwa kukua tu.

Njia bora kuliko zote inawezekana pale ambapo waombaji ni wengi kuliko nafasi, na katika vyuo vyetu hali hiyo si ngeni. Badala ya kuchagua kwa kujuana au kwa aliyewahi, chagua kwa bahati nasibu miongoni mwa wote waliotimiza sifa. Waliopata na waliokosa watakuwa wanafanana kwa wastani katika umri, bidii, familia na kila kitu usichoweza kukipima, na tofauti itakayojitokeza baadaye itakuwa imetokana na mafunzo. Magharibi mwa Kenya, mwaka 2008, zaidi ya vijana 2,000 walioomba mafunzo ya ufundi waligawanywa hivyo: nusu walipewa hati za kulipiwa ada, nusu hawakupewa, na kati ya waliopewa, baadhi walitakiwa kusoma vyuo vya serikali tu huku wengine wakiruhusiwa kuchagua hata vya binafsi.

Utaratibu wake ni huu. Funga orodha ya waombaji wenye sifa na kuichapisha ubaoni ili kila mtu ahakikishe jina lake limo. Waweke pembeni, nje ya bahati nasibu na nje ya tathmini, wale ambao chuo kina wajibu wa kuwapokea kwa vyovyote, mathalani wenye ufadhili maalumu. Wagawe waliobaki katika mafungu kwa jinsia na fani, ili kila fungu liwe na waliopata na waliokosa. Wanawake walioomba ushonaji walinganishwe na wanawake walioomba ushonaji. Kisha fanya uchaguzi hadharani, mbele ya waombaji wenyewe, mwenyekiti wa mtaa au sheha, na mwakilishi wa chuo, na kuandika muhtasari unaotiwa saini. Uwazi huo unaondoa manung'uniko mengi. Nimeona watu wakikubali kukosa kwa bahati nasibu kwa utulivu zaidi kuliko wanavyokubali kukosa kwa barua isiyoeleza sababu.

Lipo pingamizi la haki linalostahili jibu: je, ni halali kumnyima mtu mafunzo ili tu tupime? Nafasi zikiwa chache, kuna watakaokosa kwa vyovyote, na bahati nasibu haiongezi idadi yao hata kwa mtu mmoja. Wasioridhika na jibu hilo huweza kuwaahidi waliokosa nafasi katika mkupuo unaofuata. Ni utaratibu wa kiungwana, lakini fahamu bei yake: siku waliokosa wanapoanza masomo, kundi la ulinganisho limekwisha, na hutaweza kujua athari za miaka miwili au mitatu. Kama unataka kujua athari za muda mrefu, usitoe ahadi hiyo.

Bahati nasibu isipowezekana, angalia kama chuo huchagua kwa alama za mtihani wa kujiunga. Ikiwa aliyepata 50 aliingia na aliyepata 49 akakosa, watu wa pande zote mbili karibu na mstari huo wanafanana sana, na kuwalinganisha kunatoa jibu zuri mradi mstari uliheshimiwa bila vimemo. Jibu hilo linahusu walio karibu na mstari tu, na linahitaji watu wengi. Isipowezekana hiyo nayo, tafuta vijana wa mitaa ile ile wasiosoma, chukua taarifa zao kabla mafunzo hayajaanza, na ulinganishe mabadiliko ya makundi mawili badala ya viwango vyake. Fanya hivyo kwa unyenyekevu. Mwaka 1986 mchumi Robert LaLonde alichukua programu ya mafunzo ya Marekani ambayo athari yake ilikwisha kujulikana kwa bahati nasibu, akajaribu kuipata upya kwa ulinganisho wa kawaida wa kitakwimu, na mara nyingi majibu yalikuwa mbali na ukweli, mengine yakionyesha hasara mahali palipokuwa na faida.

Hatua ya nne: hesabu idadi ya watu unaowahitaji

Kuna kanuni ya haraka inayotosha kupanga kazi. Chukua kiwango cha ajira unachokitarajia katika kundi la ulinganisho, tuseme 0.5, kizidishe kwa sehemu inayobaki hadi kufikia moja, yaani 0.5 nyingine, upate 0.25, zidisha kwa 16, upate 4, kisha gawanya kwa mraba wa tofauti unayotaka kuigundua. Ukitaka kugundua ongezeko la pointi 10 za asilimia, yaani kutoka asilimia 50 hadi 60, unagawanya 4 kwa 0.01 na kupata watu 400 katika kila kundi. Ukitaka kugundua ongezeko la pointi 5, unahitaji 1,600 katika kila kundi. Kanuni hii inakupa nafasi ya asilimia 80 ya kuigundua athari kama kweli ipo.

Ongezeko gani ni la kutarajia? Mapitio ya David McKenzie wa Benki ya Dunia, ya mwaka 2017, yalikuta kwamba katika nchi zinazoendelea mafunzo ya ufundi yaliyopimwa kwa bahati nasibu yaliongeza ajira kwa wastani wa pointi 2 hivi. Nchini Uturuki, ambako waombaji 5,902 wa kozi za shirika la taifa la ajira walipimwa, waombaji walitarajia kozi ziwaongezee nafasi ya kazi kwa pointi 32, nao maafisa walitarajia pointi 24. Athari iliyopatikana ilikuwa kama pointi 2. Zipo programu zilizofanya vizuri zaidi, Liberia na Uganda zikiwemo, lakini mwenye kupanga tathmini akitarajia pointi 20 atachukua watu wachache mno na kumaliza bila jibu.

Kwa hiyo chuo kimoja chenye wanafunzi 60 kwa mkupuo kisijaribu peke yake. Kiungane na vyuo vingine vinavyofundisha fani zilezile, au kikusanye mikupuo kadhaa chini ya utaratibu mmoja wa uchaguzi. Kisipoweza, kifanye ufuatiliaji mzuri wa wahitimu na kuuita kwa jina lake.

Hatua ya tano: chukua taarifa za awali kabla majina hayajatangazwa

Dodoso la awali lijazwe na waombaji wote kabla ya mtu yeyote kujua kama amepata. Aliyekwisha kukosa hujibu kwa unyonge au hakubali kuhojiwa, na aliyepata hujibu kwa furaha. Uliza umri, elimu, kazi alizowahi kufanya, kipato cha siku thelathini, watoto anaowalea, kazi za wazazi, na kama kuna ndugu mwenye ufundi huo. KoboToolbox na ODK ni programu za bure zinazofanya kazi kwenye simu hata pasipo mtandao.

Sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika dodoso hili ni ukurasa wa mawasiliano. Vijana hubadilisha laini za simu, huhama kutoka Tandale kwenda Mbagala, hurudi kijijini wakati wa kilimo, wengine huvuka mpaka. Andika namba zake zote, namba za watu watatu wasioishi naye ambao kwa vyovyote watajua alipo, jina analoitwa mtaani, mahali anaposwali au kusali, kijiwe anachokaa, na jina la balozi au mwenyekiti wa mtaa. Mpigie kila baada ya miezi mitatu kwa dakika mbili ili kuhakikisha namba, ukimtumia muda kidogo wa maongezi kama shukrani, na ufanye hivyo kwa makundi yote mawili kwa usawa.

Taarifa hizi ni mali ya mhojiwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote zinadai ridhaa na uhifadhi salama. Tenga faili la majina na faili la majibu, uyaunganishe kwa namba ya siri tu. Kibali cha utafiti huombwa kwenye tume za taifa za sayansi na teknolojia, yaani COSTECH kwa Tanzania Bara na NACOSTI kwa Kenya, na Zanzibar ina utaratibu wake.

Hatua ya sita: rudi kuwahoji kwa wakati unaofaa

Ukipima siku ya mahafali utakuta wahitimu wako nyuma ya wenzao, kwa sababu kwa miezi sita hawakutafuta kazi huku waliokosa wakiendelea na vibarua. Mapitio ya tafiti zaidi ya 200 yaliyochapishwa mwaka 2018 na wachumi Card, Kluve na Weber yalionyesha kwamba athari za mafunzo huwa ndogo mwanzoni na hukua baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Ratiba ninayoipendekeza ni miezi 6, 18 na 36 baada ya kumaliza. Fedha zikitosha kwa mara moja tu, chagua 18.

Wahoji watu wa makundi mawili katika wiki zilezile. Kazi za ujenzi hupungua wakati wa masika, washonaji huzidiwa na kazi kabla ya Idi na Krismasi, na vijana wa vijijini hutawanyika msimu wa kupanda. Ukiwahoji wahitimu mwezi Novemba na wenzao mwezi Aprili, utakuwa umepima mvua. Wadodosaji wasiwe walimu wa chuo, na ikiwezekana wasijue anayehojiwa ni wa kundi gani hadi mwisho wa mahojiano.

Tenga bajeti ya kuwatafuta wasiopatikana, kwani kumi wa mwisho hugharimu kuliko hamsini wa kwanza, na ndio wanaobadilisha jibu. Waliopotea wakiwa wengi zaidi upande mmoja, ulinganisho umeharibika. Tuseme umewapata 180 kati ya 200 waliochaguliwa, na 160 tu kati ya 200 waliokosa. Waondoe 20 wenye kipato cha juu kabisa kati ya wale 180, ufanye hesabu. Kisha warudishe na uwaondoe 20 wenye kipato cha chini kabisa, ufanye hesabu tena. Ukweli uko kati ya majibu hayo mawili. Yakiwa mbali sana, sema hivyo katika taarifa.

Hatua ya saba: fanya hesabu kwa mfano huu

Huu ni mfano wa kubuni. Waombaji 400 wa kozi ya umeme wa majumbani wamegawanywa kwa bahati nasibu, 200 wakachaguliwa. Kati ya waliochaguliwa, 150 walisoma na 50 hawakufika au waliacha. Kati ya waliokosa, 20 walijilipia kozi kama hiyo mahali pengine. Baada ya miezi 18, wenye kazi ni 93 kati ya wale 150 waliosoma, 17 kati ya wale 50, na 92 kati ya 200 waliokosa.

Chuo kitatangaza kwamba asilimia 62 ya wahitimu wana kazi, na ni kweli, kwa kuwa 93 ni asilimia 62 ya 150. Lakini ulinganisho wa haki ni wa wote waliochaguliwa dhidi ya wote waliokosa, kila mtu akibaki katika kundi alilopangiwa hata kama hakuhudhuria. Waliochaguliwa wenye kazi ni 110 kati ya 200, sawa na asilimia 55. Waliokosa ni asilimia 46. Athari ya kupewa nafasi ni pointi 9. Ili kupata athari kwa wale waliosoma kwa sababu ya kuchaguliwa, angalia kwamba uchaguzi ulipandisha usomaji kutoka asilimia 10 hadi 75, yaani kwa 0.65, gawanya 9 kwa 0.65 na upate pointi 14 hivi. Usiwaondoe wale 50 kutoka kwenye hesabu, kwa kuwa hujui ni nani kati ya waliokosa angekuwa mtoro mwenzao.

Sasa weka kiwango cha uhakika. Kwa kila kundi, zidisha kiwango cha ajira kwa sehemu inayobaki na ugawanye kwa idadi ya watu. Jumlisha majibu mawili, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.96. Hapa inatoka takriban pointi 9.8. Athari ya pointi 9 iko basi kati ya karibu sifuri, chini yake kidogo, na karibu 19. Taarifa ya kweli itasema kwamba matokeo yanaelekea kuwa mazuri ila idadi ya watu haitoshi kuthibitisha. Kama kila kundi lingekuwa na watu 400 na viwango vilevile, athari ingekuwa kati ya pointi 2 na 16, na hapo tungeweza kusema kwa haki kwamba kozi inasaidia.

Fanya hesabu ya wanawake na wanaume kando ikiwa ulipanga hivyo tangu mwanzo. Nchini Kolombia, programu ya vijana iliyopimwa kwa bahati nasibu mwaka 2005 iliwanufaisha wanawake kuliko wanaume, jambo ambalo wastani wa wote ungelificha. Kuchambua kila fani peke yake kwenye sampuli ya 400, kwa upande mwingine, ni kujidanganya.

Hatua ya nane: ongeza gharama na wale waliosukumwa nje ya kazi

Gawanya gharama kamili ya kumfundisha mtu mmoja kwa athari. Ikiwa nafasi moja ya masomo inagharimu shilingi 900,000, ukihesabu mishahara ya walimu, vifaa na posho, na athari kwa aliyesoma ni pointi 14, basi kila mtu mmoja wa ziada aliyepata kazi amegharimu kama shilingi milioni 6.4. Linganisha na njia nyingine ya kuitumia fedha hiyo, kama vifaa vya kazi au mtaji. Linganisha pia kwa muda: ruzuku walizopewa vikundi vya vijana wa kaskazini mwa Uganda zilipandisha kipato chao kwa asilimia 38 baada ya miaka minne, lakini baada ya miaka tisa pengo la kipato kati yao na wenzao lilikuwa limezibika kwa kiasi kikubwa.

Jambo la mwisho ni gumu kupima, na mara nyingi huachwa. Ikiwa mji mdogo una kazi za umeme za mafundi 50 na wewe unahitimisha 50 wengine, wahitimu wako wanaweza kuzichukua kazi za waliokuwapo. Nchini Ufaransa, utafiti katika maeneo 235 uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba huduma ya kuwasaidia vijana wasomi kutafuta kazi iliwanufaisha kwa sehemu kwa hasara ya wenzao wasiosaidiwa, hasa mahali ambapo kazi zilikuwa chache. Ukiwa na wilaya kadhaa, badilisha idadi ya nafasi za mafunzo kutoka wilaya hadi wilaya kwa bahati nasibu. Ukiwa na mji mmoja tu, wahoji angalau mafundi waliokuwapo kabla na baada ya mahafali kuhusu wateja wao na bei wanazotoza.

Taarifa iandikwe ikiwa na idadi ya walioomba, waliochaguliwa, waliosoma na waliopatikana kwa mahojiano, kipimo kikuu kilichotangazwa mwanzoni, athari pamoja na mipaka yake ya uhakika, na gharama. Iandikwe hivyo hata jibu likiwa sifuri. Toleo fupi la Kiswahili lisomwe katika mkutano wa mtaa na litumwe kwa simu kwa wote waliohojiwa, wakiwemo waliokosa nafasi, kwa kuwa majibu yao yalikuwa nusu ya ushahidi.